Wino wa Kichinjioni

Waceke wa Dagoretti alikuwa mwanamke wa kujisugua. Aliuza matumbo sokoni, na aliyewahi kuuza matumbo anajua mambo yake: usipojisugua, hata nzi wa kanisani watakufuata wewe badala ya kumsikiliza mchungaji. Kwa hiyo kila jioni alijimwagia maji ya moto, akajisugua kwa sabuni ya kipande na gunia mpaka ngozi ikaomba msamaha.

Sasa mwaka huo wa 2006 alikuwa ametolewa uvimbe kwenye titi la kushoto, na daktari akataka apigwe mionzi kumaliza mabaki ya saratani. Foleni ya ile mashine, jamani! Alingoja miezi mpaka akakonda. Zamu yake ilipofika, Mwanasiti, binti wa Lamu aliyeendesha mashine, alimlaza chali mkono ukiwa juu ya kichwa, akamchora misalaba kifuani kwa kalamu nyeusi. Akamwonya asiioshe kabisa, maana ndiyo ingeonyesha mionzi ipite wapi kila siku mpaka matibabu yaishe. Waceke akaitikia kwa adabu zote.

Juma zima alivumilia. Aliosha miguu, akaosha mikono, kifua akakipita mbali. Ikafika Jumamosi, kesho yake mjukuu anabatizwa, na bibi mtu ananuka mpaka anajisikia mwenyewe. Akajiambia atapitisha gunia kidogo tu, pembeni pembeni. Thubutu! Gunia lilipogusa ngozi, mkono ulijiendea wenyewe. Aliposhtuka, kifua kilikuwa kinang'aa kama sufuria mpya, na msalaba hata mmoja haupo.

Mtu mwingine angekwenda kusema. Waceke aliikumbuka ile foleni, akajiona amerudishwa mkiani huku saratani ikiendelea na shughuli zake, na hofu ikamshika barabara. Mjanja akishikwa na hofu hufanya ujinga wa kiwango cha juu. Alikwenda kwa Kivuva, mkaguzi wa nyama kule kichinjioni, akamwomba wino kidogo, ule wa zambarau wa kugongea mizoga mihuri. Kivuva, mtu wa heshima zake, hakuuliza wa nini. Alimpimia kwenye kifuniko cha soda. Wino huo hautoki kirahisi, nyama inachemka na muhuri bado unauona. Nyumbani Waceke akasimama mbele ya kioo cha mumewe cha kunyolea ndevu, akajichora kwa njiti ya kiberiti. Akajitazama, akajipongeza.

Jumatatu akapanda kitanda cha mashine. Mwanasiti akawasha taa ya kupimia, akainama kuitafuta misalaba yake. Misalaba yote ilikuwa imehamia upande wa kwapa. Waceke alijichora akiwa wima, bwana. Alipolala chali na kuinua mkono, titi lilikwenda zake na michoro ikalifuata. Mwanasiti akauliza kwa upole ni nani aliyeigusa. Waceke akasema ni jasho. Jasho la zambarau, mama mzima! Mwanasiti hakubishana. Aliweka kidole juu ya msalaba mmoja wa katikati.

“Mama, nikiufuata huu, mionzi itapita moyoni mwako.”

Ujanja ukamwisha pale pale. Akayamwaga yote, gunia, ubatizo, Kivuva na kifuniko chake, machozi yakimwingia masikioni kwa vile alikuwa amelala. Mwanasiti ilibidi atoke nje kidogo, na aliporudi alikuwa anajifuta macho na midomo bado inamcheza kwa kicheko. Alijaribu kuufuta wino kwa spiriti, ukakataa.

“Usinirudishe nyuma ya foleni, mwanangu,” Waceke akasema. “Nimejichora vizuri nilivyoweza.”

“Foleni gani tena?” Mwanasiti akamuuliza. “Wewe ulishaingia, mama. Ungebisha hodi tu, ningekuchora upya.”

Waceke akafunga macho, akaanza kulia upya, safari hii kwa sauti, bila kujali walio nje. Kifua kikawa kinapanda na kushuka. Mwanasiti akamshika bega, akangoja mpaka kikatulia, ndipo akachukua kalamu.