Madirisha ya Upande wa Uani

Kwa siku tatu swali moja lilininyima usingizi: kijana kama mimi anaanzaje kumwambia bibi wa watu kwamba bafu lake halina paa?

Mwanzo wa mambo ulikuwa mzuri. Mama mwenye nyumba wetu hapa Mbagala, aliyenipangisha chumba nilipomaliza chuo, aliamua kubomoa nyumba yake ya vyumba sita ajenge ghorofa. Kwa kuwa nilisomea mipango miji na sikuwa na kazi ya maana, aliniomba nimchoree mchoro wa kuanzia, mhandisi angeurekebisha baadaye. Alitaka vyumba vinane na sehemu ya kuegesha magari manne. Nikamuuliza ni mpangaji gani kati yetu ana gari. Akafikiri, akacheka, akasema hata yeye mwenyewe hana.

Hapo nikapata ujasiri ambao kwa kawaida sinao. Nilimwambia kituo cha mabasi ya mwendokasi kiko dakika kumi kwa miguu. Kila chumba tutakachoongeza hapa ni mtu mmoja atakayeacha kuamka alfajiri kule Chanika na kupanda magari matatu yanayotoa moshi mweusi ili afike kazini mjini. Akihamia hapa atatembea kidogo, atapanda basi moja la gesi, basi. Tukakubaliana vyumba kumi na viwili, na pale pa magari pawe na banda la baiskeli. Chumba cha pembeni juu, chenye upepo, aliniahidi mimi.

Kosa nililiona nikiwa nimeshamaliza kujisifu. Madirisha manne ya juu, likiwemo la chumba changu, yalitazama moja kwa moja uani kwa jirani, bibi wa Kizaramo aliyezaliwa papo hapo. Uani ndiko anakopika na wajukuu zake wa kike, vichwa wazi, kanga kifuani. Ndiko wanakoogea, kwenye bafu la makuti lililo wazi juu. Mimi niliyefaulu vizuri somo la mwanga na hewa nilikuwa nimesahau kwamba watu wanaoga.

Mama mwenye nyumba alitaka majirani watie saini mbele ya mjumbe wa mtaa kwamba hawana pingamizi. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumamosi. Alipopelekewa mchoro mapema, bibi alikataa hata kuutazama. Alisema kama umechorwa na yule kijana anayempa shikamoo kila asubuhi, yeye atatia saini tu.

Nikisema, labda angekataa ghorofa kabisa na majirani wote wangemfuata, na watu wa vile vyumba wangebaki hukohuko mbali. Nisiposema, angegundua siku tutakayofungua madirisha, na mtaa huu usingekubali ghorofa nyingine tena. Halafu angeniuliza nimejuaje habari za bafu. Nilijua kwa sababu niliwahi kupanda juu ya paa letu kuziba bati linalovuja. Maelezo hayo niliyafanyia mazoezi kwa namna tano, na zote zilisikika kama uongo.

Ijumaa alasiri nikapiga hodi, nikamwamkia, nikatandaza mchoro mkekani.

"Bibi, kesho usitie saini kabla hujaona hapa. Madirisha haya yanatazama uani kwako."

Akainama, akaufuata mstari kwa kidole. "Na hili la pembeni la nani?"

"Langu."

"Sasa si ungeleta posa kwanza, mume wangu, ndiyo uje kunichungulia?"

Wajukuu wakacheka jikoni. Mie nikatazama mkeka. Bafu hakuniuliza nimelijuaje.

Kisha akasema taratibu, "Ghorofa siikatai. Mjukuu wangu mkubwa kapanga kule Chanika, namwona mara moja kwa mwezi. Lakini na mie nataka nioge kwa amani."

Nikatoa penseli na kifutio palepale. Nikafuta madirisha yote manne, nikahamishia ngazi upande wake, ukuta mzima usio na dirisha, matundu ya hewa tu, juu kupita kimo cha mtu. Vyumba vitatu vilipata madirisha upande wa barabara. Cha nne, cha pembeni, kililiwa chote na ngazi.

Nikaukunja mchoro, nikavuka uchochoro na kumwambia mama mwenye nyumba kwamba vyumba vimebaki kumi na kimoja, na kwamba kilichopungua ni changu.