Mifupa Nyuma ya Duka la Vitambaa

Ghala la Mama Rupa lilinuka dawa ya nondo, ubani, na kitu kingine cha baridi ambacho mpaka leo sijakipatia jina. Lilikuwa nyuma ya duka lake la vitambaa mjini Nyeri, chumba kirefu kisicho na dirisha la maana, na Agosti ile ukungu uliufunika mlima hata tukasahau kwamba upo. Taa iliwaka mchana kutwa. Kwenye rafu, kutoka sakafuni hadi darini, yalipangwa meno na mifupa ya dinosaria. Marehemu mume wa Mama Rupa alikuwa akipeleka bidhaa Turkana kwa lori, na kila safari alirudi na mawe yake ameyapakata kama mayai. Sasa mwana wao, Ketan, alikuwa amerudi kutoka ng'ambo kuuza kila kitu, na mnunuzi alitaka kila kipande kiwe na kibandiko cha kusema ni nini. Ndipo akaitwa Tata Muthoni, dada ya baba yangu, mwalimu wa Biolojia kule Othaya na mteja wa miaka mingi wa vitambaa vya sare. Mimi nilikuwa darasa la tano, niko kwake likizoni, kwa hivyo nikaburutwa.

Tata alijua kufundisha, hilo siwezi kumnyima. Jino la mla nyama, alinionyesha, lina kingo za misumeno midogo kama kisu cha mkate. Ukipitisha ukucha unakwaruza. La mla majani ni butu kama penseli iliyochoka. La mamba ni la mviringo na halina misumeno, na hapo, alisema kwa maringo, ndipo wengi hudanganyika. Kutofautisha mfupa na jiwe unaangalia vijitundu kama vya mkate, na ukikosa uhakika unagusisha ulimi: jiwe linateleza, mfupa wa kale unanata. Wacha nilambe! Nililamba dinosaria likizo nzima na kujiona mtu mkubwa. Lakini kuachwa mle ndani peke yangu sikukubali. Tata akienda msalani, nami nilimfuata hadi mlangoni, nikasimama nje kwenye baridi nikimngoja.

Sanduku lile lilikuwa rafu ya chini kabisa, nyuma ya mengine, sanduku la mbao la majani chai. Mifupa ya Turkana ilikuwa mizito na ya kahawia iliyokolea. Hii ilikuwa myepesi, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Tata akagusisha mmoja ulimini, ukanata hadi akacheka. "Haki, hii inanata kuliko zote!" Akaandika kibandiko kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: Dinosaria mdogo, mfupa wa paja. Nikalamba na mimi. Nikaona pia kwamba udongo uliobaki sandukuni haukuwa mchanga wa Turkana. Ulikuwa mwekundu, ule ule uliotuharibia soksi kila siku. Nilipomwambia Tata, akasema niache maswali, kazi bado ni nyingi.

Tulikuwa tukilala kwa Cucu, mama yake Tata, naye hakuipenda kazi yetu hata kidogo. Kila jioni alitusimamisha nje na karai la maji, tunawe hadi viwiko kabla ya kukanyaga jikoni kwake. Siku hiyo nikamhadithia juu ya udongo mwekundu, nikidhani namchekesha. Akaacha kumenya viazi. "Hilo duka liko upande gani wa mji?" Nikamweleza. Baba yake Cucu alichukuliwa wakati wa Hali ya Hatari, yeye Cucu akiwa msichana mdogo, akafungiwa kwenye kambi ya seng'enge mjini, na hakurudi. Hakuna aliyewahi kuwaambia alikufa vipi wala alifukiwa wapi. Kambi yenyewe, Cucu akasema polepole, ilikuwa pale pale palipojengwa maduka yale.

Asubuhi alivaa nguo zake za kanisani akaandamana nasi. Alichuchumaa mbele ya sanduku bila kugusa kitu, akatazama kipande cha taya chenye magego mawili. "Huyu ni mtu," akasema. Tata alijaribu kujitetea. "Lakini Maitu, mama yangu, imenata kabisa." Cucu akamgeukia. "Ati umemlamba?" Tata akatoka mbio, tukamsikia akitapika uani. Mama Rupa naye aliketi juu ya robota la kitambaa akaanza kulia. Mume wake aliikuta mifupa ile alipochimba msingi wa ghala, akaificha, akihofia ujenzi ungesimamishwa. "Aliniambia ni ya mnyama, mama," alisema. "Mimi niliogopa kuuliza tena." Akamwomba Cucu aichukue, aende nayo, amwondolee mzigo.

Cucu alikataa. "Sijui kama ni baba yangu. Lakini mtu hatolewi hapa kwa kiondo kama viazi." Alitaka wazee wa ukoo, blanketi jipya, na kondoo wa rangi moja asiye na doa, wa kututakasa sisi tuliomshika. Tata alimsihi tuite teksi saa ile ile. Cucu hakutaka kusikia. Mama Rupa aliahidi kulilinda sanduku, na Ketan, aliyesimama mlangoni na simu yake, akaitikia kwa kichwa kwa adabu nyingi. Adabu ile ilinitia baridi mgongoni.

Kondoo alitafutwa Othaya nzima. Wazee nao walikuwa na yao: mmoja yuko hospitalini, mwingine amenuna kwa sababu hakuambiwa wa kwanza. Wakati hatimaye tulipoingia dukani na kondoo, blanketi na wazee wa ukoo, rafu zilikuwa tupu. "Nilienda hekaluni tu!" Mama Rupa alilia. "Nikirudi, gari lishaenda!" Ketan alisema hakuona tatizo, kila kitu kilikuwa na kibandiko cha mwalimu, na kibandiko kilisema dinosaria. Kondoo akakojoa sakafuni na hakuna aliyecheka. Cucu alikunja blanketi vizuri, kona kwa kona. "Nilikuwa naye hapa," akasema, "nikamwacha."

Ghala limebomolewa siku nyingi. Hapo sasa kuna jengo la ghorofa, na chini wanauza simu. Tata amestaafu na hawezi kuvumilia neno dinosaria litajwe mezani. Mahali fulani duniani, kwenye sebule ya tajiri, mtu wa Nyeri amelala nyuma ya kioo kwa jina la mnyama, kwa mwandiko wa shangazi yangu, na hilo hunichoma kila nikilikumbuka. Cucu tulimzika mwaka jana kwenye shamba lake la kahawa, na kando yake tukaacha nafasi aliyoiagiza mwenyewe. Majuzi niliipigia simu maabara moja ya Nairobi. Msichana aliyepokea alikuwa mpole, akanieleza kwamba siku hizi damu ya baba yangu inatosha, hata mfupa uwe wa zamani namna gani watajua kama ni wa kwetu. Miaka yote ile Cucu alingoja jibu, na kumbe sasa linapatikana kwa kupiga simu. Nikamuuliza tufanye nini kwanza.

"Ni rahisi, madam," akasema. "Leteni tu huo mfupa."