Mama Alikuwa Akikimbia

Magoti ya mama yalipoanza kumsumbua, nilimpeleka kwa daktari Kisii mjini. Ana miaka sabini na minane, na mimi nimemjua siku zote akiwa na kikapu cha majani ya chai mgongoni. Daktari, mwanamke wa rika la binti yangu, alizitazama picha za magoti, kisha akamtazama mwenyewe.

"Mama, ulikuwa mwanamichezo?"

Nilicheka. Mama hakucheka.

"Nilikuwa nakimbia," alisema. "Maili moja. Wasichana wa huku kwetu hawakuwa wakikimbia. Mimi ndiye niliyeanza."

Tulirudi kijijini kwetu Kiogoro. Nyumbani nilichemsha chai, nikamwomba anieleze. Alieleza bila haraka, huku akichambua majani ya chinsaga, mboga yetu ya jioni.

Mashindano ya mkoa yalikuwa Jumamosi. Babu, baba yake, alikuwa Msabato na mzee wa kanisa. Siku hiyo hata kuni hazikupasuliwa kwao. Mama aliondoka alfajiri, akakimbia pekupeku, akawaacha wote nyuma. Alirudi na blanketi la ushindi. Babu hakumpiga. Alilitupa blanketi zizini, akakataa kula chakula alichopika mama kwa wiki nzima.

"Ukaacha?"

"Niache? Nilikimbia miaka mitatu tena."

Kisha akachaguliwa kwenda kuiwakilisha Kenya katika mbio ng'ambo. Kocha wake alimletea barua kwa baiskeli, akamkuta ameolewa, ana mimba ya miezi minne. Mama alimpa uji, akamwambia hataweza. Kocha alikunywa uji wote, akashukuru, akaenda zake.

Mtoto wa mimba hiyo ndiye mimi. Niliweka kikombe chini.

"Mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza?" Alitoa jani bovu, akalitupa. "Siku ile nililia, sikufichi. Lakini wewe ulizaliwa na mapafu mazuri. Ulipolia, hata watu wa ng'ambo ya mto walisikia."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Muhula uliofuata, walimu wenzangu walimwalika siku ya michezo aje kutoa zawadi. Alikataa kuhutubia, akakataa na kiti. Alisimama na fimbo yake pale mbio zinapoanzia, akamshika msichana mmoja mabega.

"Legeza hapa," alimwambia. "Na usikunje ngumi."

Msichana alimaliza wa nne. Mama alimpigia makofi mpaka mtoto akaona haya.