Ndimu Dhidi ya Zebaki ya Sulisuli

Mimba yangu ya kwanza haikutaka udongo wala maembe mabichi kama mimba za wenzangu. Ilitaka sulisuli, tena wa nazi, tena aliyepikwa na mama. Tabu ni kwamba kazi yangu ni kupima zebaki kwenye samaki, na sulisuli ni mkubwa, maisha yake yote anakula samaki wenzake. Zebaki waliyokuwa nayo wao hurundikana mwilini mwake.

Mama, mzaliwa wa Lindi aliyezeekea Kariakoo, hakuona ubaya uko wapi.

"Si ulisema na seleni imo, yale madini mengine? Na seleni si inaipunguza makali hiyo zebaki?"

Nilijuta kumfundisha. Nikamweleza upya, pale jikoni ghorofani, honi za mtaani zikinikatiza, kwamba hatuangalii jumla tu. Zebaki ina sura zake. Ipo ambayo nyingi yake hupita tumboni ikatoka, na ipo iliyoungana na kaboni, ambayo hufika mpaka kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni. Seleni nayo ina sura zake, na si zote zenye msaada. Kwa hiyo mashine yetu huzitenganisha kwanza, ndipo ipime kila moja peke yake.

"Basi mpime huyu wangu," akasema. "Ukimkuta mbaya, nitanyamaza."

Mama kunyamaza ni bahati isiyokuja mara mbili. Asubuhi nikamwomba anifungie kipande kibichi, kama kilivyotoka sokoni. Nilipofungua mfuko maabara, nikakuta sulisuli kaoshwa kwa ndimu, kapakwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, amebakiza kubandikwa tu. Nikampigia simu nimefura.

"Mama, nilisema kibichi."

"Si kibichi hicho, nimekipika? Ulitaka uende kazini kwa watu na shombo, waseme hukulelewa? Tena ndimu inaondoa hayo mambo yako yote."

Hasira zikaniisha, maana hapo, bila kujua, alikuwa amenipa swali la maabara: je, ndimu huondoa zebaki? Kipande kingine cha samaki huyohuyo kilikuwa kwenye friza nyumbani, hakijaguswa. Nikakifuata mchana, nikavipima vyote viwili, huku nikiomba kimoyomoyo ndimu ishinde. Mpimaji hatakiwi kuliombea jibu, lakini mpimaji huyu alikuwa na hamu.

Ndimu iliondoa shombo. Ile zebaki mbaya ilibaki kwenye nyama vilevile, nyingi kuliko ambayo ningethubutu kumpa mwanangu. Seleni ilikuwepo, ila si ya kunifanya nibahatishe.

Jioni nikakuta mama ameshapakua, bakuli la sulisuli aliyebaki upande wangu, dagaa upande wake. Nikamwambia. Hakubisha. Akalitazama bakuli.

"Mimba yako wewe nilimla sana huyu," akasema. "Nilikudhuru?"

Nilitamani kumdanganya, na sikuweza.

"Sijui, mama. Sulisuli wako hakuna aliyempima. Ila mimi unaniona, mzima."

"Mzima gani, unabishana na mama yako kwa mashine."

Alisema bila kucheka. Nikamshika mkono, akaniachia kidogo, kisha akautoa ili anisogezee sahani ya dagaa. Lile bakuli la nazi akalivuta upande wake, akachagua kipande kinono.

"Mimi sina mimba," akasema, akaanza kula.