Gari Lililokataa Kuwaka Al Mansoura

Wenzangu wa darasa la watu wazima pale Kangundo mmeniomba niandike nilichokwenda kufanya Doha, kwa kuwa maneno yaliyonitangulia sokoni si ya kweli. Sikwenda kutafuta kazi, wala sikwenda kuolewa. Nilikwenda kwa sababu ya gari.

Marehemu mume wangu, Mutiso, alikuwa dereva wa familia moja huko Al Rayyan, Qatar, kwa miaka tisa. Kila Ijumaa alipopiga simu hakukosa kulitaja gari dogo jeupe alilojinunulia, nalo aliliita "gari letu". Alifariki nyumbani akiwa likizoni, tarehe 14 Agosti mwaka juzi, na gari likabaki kwa binti yetu Mwende, ambaye ni muuguzi mjini Doha. Mimi sikuwa nimelitia machoni. Kisha, Jumatatu ya Pasaka mwaka huu, Mwende akanipigia simu.

"Mum, hii gari ya Dad imenishinda. Inapiga stata vizuri lakini haiwaki. Leo inawaka, kesho inakataa. Nimeongea na mtu wa vyuma chakavu, atakuja na winchi tarehe kumi na moja Mei aichukue."

Vyuma chakavu! Nilikaa chini, pale pale jikoni, simu ingali sikioni. Kitu pekee ambacho mume wangu alikiita chetu katika mji ule kilikuwa kinakwenda kupondwa nami sijakiona. Nilimwambia Mwende asimkabidhi mtu ufunguo mpaka nifike.

Jumanne tarehe 6 Mei niliondoka Kangundo. Shemeji yangu Kilonzo, mdogo wa marehemu, alinisindikiza hadi uwanja wa ndege Nairobi, huku akinicheka njia nzima.

"Shemeji, mabati makuukuu yamejaa hapa Machakos. Unapanda ndege kufuata mkebe?"

"Mkebe huo aliununua kaka yako kwa jasho," nilimjibu. "Shika begi, unyamaze."

Asubuhi ya Jumatano nilitoka nje ya uwanja wa ndege wa Doha na joto likanipiga usoni kama nimefunua sufuria ya githeri inayochemka. Nilidhani nimesimama nyuma ya injini ya ndege, nikasogea pembeni. Joto likasogea nami. Mwende alinikumbatia akicheka. Alikuwa amekuja na Nakato, msichana wa Kiganda anayefanya kazi hotelini, ambaye anaishi naye katika nyumba ya kupanga mtaa wa Al Mansoura.

Gari lilikuwa limeegeshwa kivulini. Rangi yake ilikuwa imefifia kwa jua, lakini viti vilikuwa safi. Nilizunguka hadi mlango wa mbele wa kushoto, mahali ambapo abiria huketi kwetu, nikaufungua, na usukani ukanitazama. Nilishtuka hata nikaachia mkoba.

"Mama, umekuja kutuendesha?" Nakato aliuliza, akaokota mkoba. "Hapa dereva anakaa kushoto. Njoo huku kulia, leo nakuachia kiti changu."

"Si chako," Mwende alimwambia. "Dad alikuwa anakiita kiti cha mama. Hata shopping hakuwa anaweka hapo."

Niliketi. Mwende akazungusha ufunguo, na injini ikawaka mara moja, bila kusitasita.

"Ona sasa!" alilalamika. "Mbele ya wageni inajifanya malaika."

Alhamisi tarehe 8 Mei nilishuhudia mwenyewe ugonjwa wa gari lile. Nakato alikuwa ameondoka mapema kwa basi la hoteli. Mwende alitangulia chini ili awashe gari na kiyoyozi, nisije nikaingia kwenye tanuri. Nikiwa dirishani niliisikia injini ikizunguka, ikazunguka tena, kama mtu anayekohoa apate kusema kisha asiseme. Nilipofika chini, binti yangu alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Nimechoka, Mum. Nishachelewa kazini kwa sababu ya hii kitu. Acha iende."

Upande wa pili wa barabara palikuwa na karakana ndogo ya fundi mmoja kutoka Peshawar, jina lake Jamal, ambaye Kiswahili amejifunza kwa wateja wake. Mwende alimwita. Alikuja akipangusa mikono, akanisalimu kwa heshima, nami nikamwomba anionyeshe kila anachokifanya. Alicheka, lakini alinionyesha.

"Betri zuri," alisema. "Stata zuri, wewe sikia injini zunguka." Alichomoa plagi moja, akamwambia Mwende azungushe ufunguo, nami nikaiona cheche ya buluu ikiruka. "Moto iko." Kisha akainua kidole. "Sasa kimya. Mwende, ufunguo kidogo tu, stata bado."

Mwende aliuzungusha kidogo, sote tukatega masikio. Hatukusikia kitu.

"Pampu ya petroli lazima nguruma kidogo, ndani ya tangi. Hii, mafi! Hakuna! Pampu mpya mimi nimeweka, mwezi wa tatu. Fyuzi zote mimi naangalia. Umeme siku ingine nafika, siku ingine hapana. Waya imekufa mahali. Kutafuta, lazima gari yote fungua. Mama, gari mzee. Khalas."

Alimaanisha imekwisha. Mwende aliniangalia kama mtu anayesubiri ruhusa ya kuzika.

Wanaonijua darasani wanajua kwamba mimi mambo huyakumbuka kwa tarehe. Nilimwambia Mwende anitajie siku gari lilipokataa.

"Sikumbuki, Mum. Pasaka ilikataa. Na ile wiki yote Nakato alienda Kampala."

"Na wiki aliporudi?"

Mwende alifikiri. "Iliwaka."

"Jana je, uliondoka nyumbani na nani?"

"Na Nakato."

"Aliketi wapi?"

Mwende alimtazama Jamal, na Jamal akatazama kiti cha kulia, ambacho kilikuwa kitupu. Kila mara fundi alikuwa akiijaribu pampu kiti hicho kikiwa hakina mtu.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kabla ya kwenda Qatar, Mutiso alikuwa dereva wa teksi Nairobi. Tarehe 19 Novemba, mwaka aliozaliwa Mwende, teksi yake ya kwanza iliibwa mtaani Kariokor mchana, yeye akiwa ananunua chai. Aliponunua ya pili alificha swichi ndogo ya kukata umeme wa pampu ya mafuta. Mwizi angezungusha ufunguo mpaka betri ife, injini isingewaka. Mahali ilipofichwa tulipajua wawili tu: chini ya ukingo wa kiti changu, kando ya mlango wa kushoto, ambapo mkono wangu wa kushoto uliangukia nikiketi. Kila safari yeye alishika ufunguo nami nikabonyeza.

Nilipiga magoti kwenye lami ya moto, nikapapasa chini ya kiti cha kushoto, ukingoni, kando ya mlango. Vumbi. Nikapapasa tena. Sikupata kitu ila kalamu.

"Mama, hapo mimi nimetafuta zamani," Jamal alisema kwa upole. "Swichi ya siri watu naweka kwa dereva. Hapo hakuna."

Kwa dereva! Nilikuwa nimepapasa chini ya kiti cha dereva. Nilikuwa nimetafuta mkono wa kushoto, kumbe nilipaswa kujitafuta mimi. Nilisimama, nikazunguka gari hadi kiti cha kulia, nikaketi, nikafunga mlango, nikauacha mkono wa kulia uanguke wenyewe.

Vidole vilitua juu yake.

Nilibaki nimeketi, vidole pale pale. Mwende alidhani joto limenizidi, akakimbilia maji. Swichi ilikuwa ndogo, imefungwa kwa skrubu kwenye chuma cha kiti, kama ile ya teksi. Mtu ambaye hakuwahi kuniketisha ndani ya gari lile alikuwa amepima mahali mkono wangu ungefika.

Jamal alilala sakafuni na tochi. Swichi ilikuwa imeachwa imewashwa tangu zamani, lakini waya wake mmoja ulikuwa umelegea. Mtu alipoketi, springi za kiti ziliusukuma ukagusa, na kiti kilipokuwa kitupu uliachia. Alitoka akiwa ametoa macho.

"Mzee Mutiso! Doha harami mafi, hakuna mwizi hapa! Watu naacha gari nawaka mlangoni, nakwenda duka. Yeye naogopa nani?"

"Nairobi," Mwende alijibu, akacheka, kisha akalia.

Jamal aliunganisha waya moja kwa moja, pasipo kupitia swichi. Alipotaka kuing'oa nilimzuia. Akaiacha pale pale, haina kazi.

Jumapili tarehe 11 Mei, siku ya winchi, nilikataa kuingia garini. Nilisimama mbali, kwenye jua, ili isije ikasemekana ni uzito wangu. Mwende aliketi peke yake, kiti cha kulia kikiwa kitupu, akazungusha ufunguo. Injini iliwaka. Akaizima, akawasha tena, akazima, akawasha, mpaka jirani wa ghorofa ya kwanza akapiga kelele kwa Kiarabu. Mtu wa vyuma chakavu alipofika alikuta tunakwenda kwenye ukaguzi wa gari, Nakato akimpungia mkono kutoka kiti cha nyuma. Alasiri lilirudi limepasi.

Nilirudi nyumbani Jumanne tarehe 20 Mei. Mwende ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege, akipitia kando ya bahari, kwa kuwa baba yake alikuwa ameniahidi njia hiyo. Kabla hajazungusha ufunguo niliteremsha mkono, nikabonyeza.

"Mum, hiyo haifanyi kitu."

"Najua. Washa."

Yapo niliyoyajifunza kuhusu cheche na pampu, nami nitayaeleza darasani kwa atakayeuliza. Lakini kwa miaka tisa nilikuwa nikiamini kwamba mume wangu amejijengea maisha mahali ambapo mimi sipo, na sikuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa sipendi kuhurumiwa. Hilo nalo niliondoka nalo Kangundo, na sikurudi nalo.

Kilonzo alinipokea Nairobi, akachukua begi.

"Haya, Shemeji. Mkebe uliuona?"

"Niliuona," nilimwambia. "Nilikuta kiti changu."