Golikipa kwenye Godoro la Kilio

Jumapili iliyopita nilizima friji nikwangue barafu kwa kisu cha siagi. Usicheke. Kwa mtu kama mimi, ambaye hata takataka nazishusha kwa kusukumwa, hiyo ni safari. Nilipoingiza kichwa ndani, harufu ya baridi na chuma ikanipiga puani, nikajikuta nimekaa sakafuni, maji yakinilowesha soksi. Uwanja wa barafu ulinukia hivyo hivyo.

Wewe unanijua, rafiki, hutaamini kwamba niliwahi kuwa mwanamichezo. Mama, aliyekuwa akihudumia wazee kwenye makao yao huku Ubelgiji, mtaa wa Etterbeek, alinipeleka kucheza magongo ya barafuni kwa sababu likizo ilikuwa ndefu na pale palikuwa na mlango unaofungwa. Siku za mwanzo hatukupewa hata gongo. Tulifundishwa kuanguka na kuinuka, kuanguka na kuinuka, mpaka magoti yakawa na rangi ya bilinganya. Kocha, mzungu mpole mwenye pua nyekundu majira yote, alisema asiyejua kuanguka hafiki mbali. Kwa kuanguka, nilikuwa na kipaji. Na alipouliza nani anataka kukaa golini, mkono wangu ulikuwa wa kwanza, maana golikipa ndiye mchezaji pekee anayecheza bila kutoka kwake.

Ajabu ni kwamba nikawa mzuri. Kile kisahani cheusi cha mpira nilikiona kinakokwenda kabla hakijaondoka kwenye gongo. Kila msimu kocha akanipandisha kwa wavulana wakubwa zaidi.

Shabiki wangu alikuwa mmoja: mama yake mama, tuliyemwita koko, aliyekuja kutoka Bukavu uzeeni na kukaa nasi mtaa wa Schaerbeek. Alipanda tramu pamoja nami kila mazoezi, kitenge chake, kikwembe, juu ya koti, chupa ya chai ya tangawizi kwapani, ndizi za makemba za kukaanga zimefungwa kwenye kitambaa.

"Bazungu biko na akili kweli?" aliuliza kila mara tulipoingia. "Inje baridi, bo banaingia tena mu friji!"

Kwetu, mjukuu wa kiume ni bwana wa bibi yake. Ni utani, lakini utani unaochezwa kwa bidii kuliko ndoa nyingi ninazozijua. Wazazi wa Kibelgiji walipiga makofi taratibu, glavu kwa glavu. Koko alisimama juu ya benchi.

"Eh, bwana yangu! Ile mutoto amekupitisha mu miguu! Leo utalala njaa. Nitaolewa na golikipa ya bale bengine!"

"Olewa, koko! Atakupikisha viazi kila siku!"

Nilipofika miaka kumi na mitatu, kocha alipanda ngazi hadi kwetu na kumwambia mama kwamba Jumamosi timu moja kubwa ya Antwerp ingechagua golikipa mmoja tu wa vijana. Atakayeingia pale ataonwa na watu wa timu ya taifa. Atakayekosa, basi, barafuni mtoto huzeeka mapema. Angenipeleka mwenyewe kwa gari lake.

Koko alikufa Alhamisi, hospitalini, mapafu yamejaa maji.

Ijumaa nyumba ikawa ya kilio. Makochi yalisimamishwa kwenye korido, magodoro yakatandikwa sebuleni, akina mama wakaja na masufuria na nyimbo. Jirani wa juu aligonga sakafu mpaka akachoka. Mimi nilifungwa kitambaa kichwani, nikakalishwa kwenye godoro kama mfiwa mkuu, kwa kuwa ndimi bwana. Watu wazima waliinama wakanishika mkono, wakiniita papa kama baba mzima: "Pole, papa. Utaoa mwingine." Kisha wanacheka, kisha wanalia. Niliwajibu wote kwa uso wa mume. Nilijua koko angefurahi.

Jumamosi asubuhi nilivua kitambaa, nikabeba begi langu, kubwa kuliko mimi. Honi ya kocha ilishalia barabarani.

"Bon, aende tu," papa, baba yangu mwenyewe, alisema. "Kocha anangoya."

Tantine, dada mdogo wa mama, alikuwa ameketi karibu na mlango. Akanyoosha miguu yake miwili mpaka ukuta wa pili.

"Aende wapi? Bibi yake hajazikwa. Ulisha kuona bwana anaacha kilio ya bibi yake juu ya kwenda kucheza? Bon, apite!"

Sebule nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, begani begi, nikingoja akunje miguu. Mtoto wa kwetu haruki miguu ya mkubwa. Hilo halikuwa utani. Kicheko cha tantine kikapanda juu, kikakatika, kikageuka kilio, kile cha kugaagaa, na wengine wote wakamfuata. Mama alinitazama, akamtazama dada yake, akafunika uso. Nani angemwambia mtu anayelia vile asogee?

Honi ililia mara nyingine. Halafu nikasikia gari linaondoka.

Walimchukua golikipa mwingine. Msimu uliofuata nilikuwa tayari mzee. Hakuna aliyelitaja jambo hilo nyumbani, hata tantine, ambaye tangu hapo alinikatia kipande kikubwa cha kuku kila sherehe. Uwanja wenyewe ulifungwa; gharama ya umeme wa kugandisha maji iliwashinda wenyewe.

Mwaka jana tantine naye alitutoka. Kilio kilikuwa kwenye ukumbi wa kukodi, na mwenye funguo alizunguka akitazama saa. Hapakuwa na godoro, wala bwana wa marehemu. Katikati ya maombi binti wa dada yangu aliinuka na mpira wake wa kikapu, akaninong'oneza mimi mjomba wake, "Tonton, niko na match." Niligeuka kuutazama mlango. Watu walikuwa wamejaa kila upande, na miguu yote ilikuwa imekunjwa vizuri chini ya viti.