Siku Niliyofungua Kamera ya Baba Mkwe

Sitawazungusha: mimi ndiye niliyeharibu picha pekee za mtoto aliyekufa, nikaziharibu mchana kweupe mbele ya mama yake na ukoo mzima, na huyo mama ni mama mkwe wangu. Mkitaka kucheka chekeni sasa, kwa sababu huko mbele mtashindwa.

Mnanijua, mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Lubumbashi na nina ugonjwa wa kukusanya kamera za zamani za Kijerumani, zile za kukunja, unabonyeza kitufe, mlango unashuka na lenzi inatoka mbele na ngozi yake iliyokunjamana kama kodiani. Ninazo kumi na moja kabatini (mke wangu Clémentine anaziita wake wenza), moja niliipata Mokambo kwa mfanyabiashara aliyekuwa akizuilia mlango nayo, nyingine nilibadilishana na baiskeli yangu, nikaenda kazini kwa miguu mwaka mzima huku nikijiona mjanja. Watu wakaanza kuniita mtaalamu, na mimi mjinga nikaitika.

Basi baba mkwe wangu, mzee wa reli, alifariki, na siku ya kumaliza matanga familia ilikusanyika uani kugawa vitu vyake. Aliyekuwa akigawa ni shemeji yangu Didier, kaka yake Clémentine. Koti kwa mjomba, redio kwake mwenyewe (bila shaka), kisha akatoa kitu kilichofungwa katika kitambaa akakiweka mbele yangu. Kamera ya kukunja, ya Kijerumani, ngozi haina hata tundu. Miaka yote ile nimekuwa nikija kwenye nyumba ile bila kujua kwamba ipo, na mate yakanijaa mdomoni, naona haya kusema hivyo juu ya siku ya matanga lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wa wanawake. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani ovyo, heshima inataka maneno yapitie kwa mtu, kwa hiyo alimwambia binti yake, na Clémentine akaniletea.

"Mama anasema ungojee kidogo, usiiguse. Iko na neno ya kusema juu yake, batu bakimaliza kukula."

Kungoja tu. Nusu saa ya kungoja huku natafuna bukari, ugali wetu wa huku, na leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini Didier, ambaye ananidharau tangu siku ya mahari, akacheka kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Beau-frère, sema tu kweli. Hii machine imekufa, njo maana unaogopa kuifungula mbele ya batu."

"Haiyakufa," nikamjibu.

"Basi onyesha."

Nikaonyesha. Nikasimama katikati ya ua, juani, nikabonyeza kitufe, lenzi ikatoka vizuri, watoto wakashangilia, wajomba wakatikisa vichwa, na badala ya kuishia hapo nikataka waione na tumbo lake. Sasa, nyuma ya kamera hizi kuna kidirisha kidogo chekundu: ukichungulia ukaona namba, ujue ndani kuna filamu, na filamu hiyo ikipigwa na jua imekwisha. Jambo hilo nimelifundisha darasani, nimewafundisha hata watu wasioniuliza. Siku ile sikuchungulia. Nilifungua mgongo wote, na roli ya picha zilizokwisha kupigwa, iliyokuwa imelegea kwa uzee, ikachomoka, ikaanguka, ikabingirika uani huku ikijikunjua yenyewe, utepe mrefu ukapita chini ya viti vya wazee, mpaka ikasimama karibu na mkeka wa mama mkwe.

Ningeweza kukiri palepale. Badala yake nikacheka (nilicheka, mnasikia?) nikasema, "Si kitu, ilikuwa tupu."

Mama mkwe akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake akanisemesha uso kwa uso.

"Haikuwa tupu, mwalimu. Fidèle iko mule."

Akaeleza polepole, mbele ya wote. Fidèle alikuwa mzaliwa wake wa kwanza. Mzee alinunua kamera, akampiga mtoto picha chache mlangoni, na kabla filamu haijaisha surua ikamchukua, akiwa na miaka minne. Mzee hakuweza kuimaliza filamu ile wala kuitoa, akaifunga kwenye kitambaa na kamera yake, na picha nyingine ya mtoto hawakuwa nayo.

"Nilikuwa nangojea mutu mwenye kujua," akasema. "Sura yake imeanza kunipotea. Nilitaka nikuombe uitoshe mule muzuri."

Nilitamani ardhi inimeze. Na mnajua nilifanya nini? Nikaukunja ule utepe, nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Nitaisafisha, mama, kuna kitu kitatoka." Nilijua hakitoki kitu. Wanawake wakapiga vigelegele, mama mkwe akanipigia makofi ya shukrani, na Clémentine akanitazama kwa jicho ambalo hajaliondoa mpaka leo, maana habari za kidirisha chekundu yeye ndiye aliyezisikia kuliko watu wote.

Niliisafisha bafuni kwangu, kwa dawa ambazo rafiki alinibebea sandukuni kwa ndege mpaka uwanja wetu wa Luano. Ikatoka nyeusi tii, ncha hadi ncha. Kila Jumapili mama mkwe alimtuma Clémentine aniulize, na Clémentine aliuliza bila kuongeza neno, mpaka nikaupeleka utepe nikiwa nimejipanga kusema kweli. Nikamkuta amevaa kitenge cha sikukuu na ametandika kitambaa cheupe mezani ili aupokee. Ujasiri wote ukaniisha.

"Mutoto iko, mama," nikasema. "Giza tu imemufunika."

Tangu hapo sijanunua kamera nyingine, kabati nimelifunga, na sitafungua tena kitu cha mtu kabla mwenyewe hajamaliza kusema. Kiapo hicho ni chepesi. Kile cha kusema kweli ndicho kinachonishinda, na najichukia kwa hilo. Mama mkwe ameuweka utepe katika kitabu chake cha sala, na wageni wakija anautoa, anauinua kuelekea dirishani, ananiita.

"Mwalimu, baonyeshe pahali Fidèle alisimama."

Nami nanyoosha kidole. Nilichagua mahali karibu na ncha, na kila mara naonyesha palepale nisije nikajikanganya. Juzi mgeni mmoja aliuliza kama mtoto anacheka, na mama mkwe akanigeukia. Nikasema anacheka.